Vipanya vya Mbao

Siku moja ya mvua za Aprili imenikaa moyoni, mwanangu, kwa harufu ya plastiki iliyoungua. Nilikuwa msichana wakati huo, miaka ya tisini, nikisomea uhazili katika chuo kidogo hapa Migori mjini. Chuo kizima kilikuwa na kompyuta moja. Radi ikapiga, ikapita kwenye waya wa stima mpaka ndani, na kompyuta yetu ikatoa moshi kabla wengi wetu hatujapata zamu ya kuigusa.

Mwalimu wetu, Mwalimu Odongo, hakuonyesha huzuni. Alituketisha akatusimulia habari za kipanya, kile kidude cha kushika mkononi ili kusogeza mshale kwenye kioo. Zamani, alisema, watu waliilisha kompyuta kadi zilizotobolewa matundu, baadaye wakatumia vibonyezo kama vya taipureta. Miaka ya sitini Mmarekani mmoja akabuni kipanya, na mwenzake akakiunda kwa kipande cha mbao, chini magurudumu mawili, waya ukining'inia kama mkia. Kilikaa miaka mingi kabla dunia haijakitaka, na aliyekibuni hakutajirika nacho.

"Kama cha kwanza kilikuwa cha mbao," akasema, "hata sisi tutaanza na mbao. Kompyuta nyingine iko njiani."

Seremala akatuchongea vipanya vya mbao. Mwalimu akachora kioo ubaoni, na kila asubuhi tukasukuma mbao mezani: kulia, kushoto, bonyeza. Subira huvuta heri, ndivyo tulivyolelewa. Lakini muhula uliisha, ukaja mwingine, na ile kompyuta haikufika.

Rafiki yangu Robi, Mkuria wa Ntimaru, alikuwa na vidole vyepesi kuliko sisi sote. Baba yake aliuza ng'ombe ili asome. Ofisi moja ya Homa Bay ilipotafuta karani, tulienda wawili. Robi akatangulia kuingia, na mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo niliona. Alikishika kipanya vizuri kabisa. Akakisogeza kidogo, mshale ukaruka hadi pembeni. Akaurudisha, ukapitiliza. Hakuwa amewahi kuona mshale ukitembea, mwanangu. Jasho likamtoka. Akakiinua, akakigeuza, akaangalia chini yake.

"Wololo! Huyu anatafuta kama iko na miguu?" akasema mmoja wa makarani, na ofisi nzima ikaangua kicheko.

Robi akasema asante, akatoka. Mimi nilipoitwa sikufanya vizuri kuliko yeye.

Wiki iliyofuata baba yake, Mzee Chacha, alikuja chuoni. Hakupiga kelele. Alichukua kipanya cha mbao, akakitazama kiganjani.

"Mwalimu, mtu hulima na picha ya jembe?"

"Mzee, nilitaka wasikate tamaa."

"Ndiyo. Na sasa wamekata."

Akamshika bintiye mkono, wakaenda. Mwalimu alibaki ameketi, hata kengele hakupiga. Chuo kilifungwa kabla ya Krismasi, naye akarudi kwao Kendu Bay. Hakufundisha tena mpaka tulipomzika.

Robi nilikutana naye miaka mingi baadaye sokoni Ntimaru, akiuza mahindi. Tukakumbatiana. Simu yake ikalia, akampa binti yake aipokee. "Vitu vya kubonyeza mimi viliniacha," akaniambia. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi sikia, mwanangu. Anayekufundisha kwa upendo mheshimu, lakini muulize kitu chenyewe kiko wapi, na ukimwona anababaika, kitafute kwingine mapema. Matumaini matupu huchosha kuliko njaa. Na siku utakapokuwa wewe ndiye mwenye ofisi, akaingia mtu anayetetemeka, usimcheke. Kicheko cha mara moja kinaweza kumkalia mtu maishani, na dawa yake mimi siijui. Ningeijua ningempelekea Robi.

Mungu akupe walimu wenye vyombo, na wenye vyombo awape huruma. Ukibisha hodi ugenini, aliye ndani akuitikie karibu, akusogezee kiti, akungoje upate pumzi.