Tulivyoomboleza Timu ya Buffalo

Jirani yetu wa Cheektowaga, karibu na Buffalo huko Marekani, alikuwa mzee wa Kizungu aliyeishi peke yake, na mama alimhurumia kwa sababu hiyo tu. Sisi Warundi tuliokulia kambini Tanzania hatujazoea kuona mtu anakula peke yake. Jioni moja alitukuta uani, akagusa kofia yake ya besiboli, akaanza kunisimulia. Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha kazini: maboksi, zamu, mapumziko. Nilichoshika ndicho nilichomtafsiria mama.

"Anasema zamani walikuwa na timu hapa Buffalo, tangu enzi za babu yake. Halafu wakaipoteza."

"Walipotea wangapi?"

"Timu nzima."

"Yesu wangu! Walikwenda wapi?"

Nilimuuliza mzee. "Walihamishiwa Kanada," nikamwambia mama, "msimu haujaisha."

Mama alishika kichwa. Watu kuondolewa ghafla na kupelekwa nchi nyingine ni jambo alilolijua vizuri.

Jumamosi akina mama wa kanisa letu waliingia kwa mzee wakiwa wamejifunga vitenge, wamebeba ugali, sambusa na sufuria kubwa ya maharage. Waliimba pambio, kisha mmoja akaomba kwa Kirundi, maombi marefu yenye machozi. Mzee alisimama katikati ya sebule yake, ameinamisha kichwa kwa adabu. Walipofika "Amina" akaninong'oneza: "Kuna nini?"

"Wamekuja kukupa pole kwa ajili ya timu."

Nilidhani atacheka, lakini machozi yalimlengalenga. Alisema tangu timu iondoke hakuna aliyewahi kumpa pole, hata marehemu mkewe, ambaye alimwambia aache upuuzi akatoe takataka. Akala sahani mbili. Aliposhiba ndipo akaongeza kwamba, baada ya miaka mingi, Buffalo ilipata timu tena kwa jina lile lile, na mpaka leo ipo.

Nilipotafsiri, akina mama walitazamana.

"Kwa hiyo wako hai?" mama akauliza.

"Hawa ni wengine, mama. Kilichorudi ni jina."

"Sasa mbona hakusema mapema? Nimemaliza maharage yote ya nyumbani!"

Kwa shukrani mzee alitupeleka uwanjani siku timu ya mji wa Columbus ilipokuja kucheza. Mama yangu mdogo, anayeishi Reynoldsburg, pembezoni mwa Columbus, alikuwa amekuja kutusalimia, tukaongozana naye. Mzee alisimulia historia ya timu mchezo mzima: uwanja wa zamani uliobomolewa, vijana waliofundishwa hapa wakachukuliwa na timu kubwa bila hata kuaga, na safari za kila msimu kwenda Louisville na Columbus. Hapo mama alichangamka.

"Louisville kwa mjomba wako, Columbus kwa mama yako mdogo. Kumbe hawa nao wanazunguka kusalimia ndugu!"

Akaamua papo hapo kwamba hii ni timu yetu. Shida ni kwamba mchezaji wa Columbus alipoupiga mpira ukavuka ukuta, mama mdogo aliruka na kupiga vigelegele.

"Wewe, unamshangilia nani?" mama akauliza.

"Columbus, dada. Si ndiko ninakoishi?"

"Na chai ya asubuhi umekunywa kwa nani?"

Mama mdogo akaketi, kisha akasimama tena kushangilia. Columbus walishinda, na vigelegele vilitusindikiza mpaka kwenye gari. Njia nzima mama alitazama dirishani. Mzee aliniuliza dada hawa wanagombania nini. Nilipomweleza, alicheka mpaka akapunguza mwendo.

Siku hizi mama husikiliza mechi kwenye redio uani kwa mzee. Haelewi hata neno; humtazama mzee usoni, akajua hali. Tukishinda, anapiga simu Reynoldsburg saa hiyo hiyo. Tukishindwa, simu yake haina chaji.