Mahali pa Kuanulia Tanga

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino, nikijua nakwenda kuchora maghorofa. Msanifu Mkuu wa kampuni yetu pale Kibaha alinitazama miguuni, akacheka mpaka akavua miwani. "Binti, leo unakwenda Gwata kupima choo cha shule." Choo! Miaka yote ile ya chuo, nikapime choo! Nilinuna njia nzima. Niliporudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, akaniambia, "Jengo ni watu. Ukishajua watu wanafanya nini humo ndani, ndipo ushike penseli." Nilimwona mzee wa maneno mengi. Leo na mimi ni mzee wa maneno mengi, basi nivumilieni.

Ninyi vijana mnachora kwenye kompyuta, na mnachora vizuri, sina kijicho. Sisi tulichora kwa kalamu ya wino juu ya karatasi nyembamba inayopenya mwanga, na ukikosea unakwangua kwa wembe. Ramani ikishakamilika unakwenda eneo la kazi kupiga kamba, yaani kuihamisha ile mistari ya karatasini kuipeleka ardhini kwa vigingi na uzi. Hapo ndipo uongo wa karatasi hujulikana.

Baadaye nikahamishiwa Kisarawe kusimamia kazi za upande ule. Huko Maneromango nilisanifu njia za makaburi ya zamani yaliyoko mteremkoni. Nilijifunza kusoma kontua, ile mistari ya ramani inayoonyesha ardhi inavyopanda na kushuka, nikaipitisha njia ikizunguka kilima polepole, maana mtu aliyefiwa hapandi mlima kama anayewahi gari. Barabara ya huko wakati wa masika msiniulize. Tangu hapo, kampuni ikipata kazi yoyote inayohusu msiba, Msanifu Mkuu alinitazama mimi. Akanipa na jina, "Bi Matanga," likaganda.

Kwa hiyo niliporudishwa Kibaha, kazi ya Dutumi iliniangukia mimi. Mtumbwi wa kuvushia wakulima kwenda mashambani ng'ambo ya mto Ruvu ulikuwa umepinduka wakati wa mafuriko. Waliopatikana walizikwa. Shabani, mtoto wa kiume wa Bi Zena, hakupatikana. Miaka ikapita, ndipo wafadhili wakaja na wazo la ukumbusho: mnara wa zege, marumaru nyeusi yenye majina yote, na mabenchi kwa mistari.

Nilikwenda kuwaona wafiwa nyumba kwa nyumba. Kwa Bi Zena nilikaribishwa mkekani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na habari zake?"

Nilijisikia vibaya, jamani. Nikamweleza kwamba panajengwa ukumbusho, na jina la Shabani litaandikwa pamoja na wenzake. Akanikazia macho. "Mwanangu hamjamzika. Mnamwandikaje?"

Binti yake mkubwa alinisindikiza, akanieleza. Imamu alishamswalia Shabani swala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo. Lakini Bi Zena alikataa tanga kuanuliwa. Kwa kawaida siku ya tatu tanga huanuliwa: mikeka inakunjwa, waliokuja kulala msibani wanarudi kwao, mwenye msiba anaanza kupika tena. Yeye mikeka yake ilikuwa bado imetandikwa. Harusini haendi, shamba kaliacha, hata kulia hajalia. "Mama anaisha hivi hivi tunamwona," binti akasema.

Nikarudi ofisini na msimamo wangu.

"Ukumbusho bila majina?" Msanifu Mkuu aliuliza. "Wafadhili watasema tumewauzia pori."

"Bosi, tukiliacha jina la Shabani tumemtupa. Tukiliandika tumemlazimisha mama yake. Basi tusiandike la mtu yeyote. Wafiwa wengine wamekubali, wanasema makaburi ya watu wao wanayajua."

"Na mnara?"

"Mnara wa nini? Watu wa kule wakifiwa wanakaa chini. Nani anakwenda kusimama mbele ya nguzo?"

Akazungusha penseli. "Wafadhili utawaeleza wewe."

"Nitawaeleza." Mdomo huu! Walibisha sana, wakaishia kukubali shingo upande.

Tulichagua mahali ukingoni mwa mto, juu kidogo ya yanapofika mafuriko, penye mikuyu iliyojiotea yenyewe. Sikukata hata mmoja. Nilichora ukuta mfupi wa matofali ya kuchoma, kimo cha kuegemea mtu akiwa amekaa chini, ukijipinda kufuata ardhi. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, katikati uwazi unaoelekea mtoni. Chini kifusi kilichoshindiliwa na mchanga juu yake, mkeka ulale vizuri. Pembeni tangi na mabomba ya kutawadhia. Basi. Fundi akaniuliza, "Sasa jengo lenyewe liko wapi?" Nikamwambia amelikanyaga.

Siku ya dua ya ufunguzi watu walijaa. Bi Zena hakuwepo. Mabinti zake wakasema kagoma. Imamu akaanza kisomo, nami nimekaa kwa wanawake najifanya nimetulia, kumbe moyoni najisema: umewanyima watu mnara wao kwa ajili ya mtu ambaye hata hakuja. Msanifu Mkuu alikuwa upande wa wanaume, sikuthubutu kumtazama.

Kisomo kikiwa katikati, Bi Zena akatokeza njiani, peke yake. Hakuna aliyenyanyuka, wote tuliogopa asije akageuka. Akasimama kwenye ule uwazi, akautazama mto mpaka nikadhani amesahau kama tupo. Kisha akaja, akajipenyeza katikati yetu, akaegemea ukuta, akanyoosha miguu. Akalia. Alilia kwa sauti, na mabinti zake wakamlilia pamoja, na Imamu akangoja.

Ubwabwa ulipoletwa alikula. Aliponawa mikono akamwambia binti yake mkubwa, "Mkifika nyumbani, anueni." Alhamdulillahi! Nikalia kama mfiwa mwenyewe. Msanifu Mkuu akanipitia, akasema, "Haya, Bi Matanga, kapumzike."

Sasa nimestaafu, nalima mchicha wangu hapa Kibaha. Vijana huniuliza ni jengo gani ninalojivunia, wakitegemea niwatajie ghorofa. Nawatajia ukuta unaonifika magotini, wanacheka, na mimi nawaacha wacheke.

Majuzi nilipita Dutumi. Nilimkuta Bi Zena pale pale ukutani, jembe pembeni, anatoka shamba na wenzake wawili, wanatafuna mihogo na kusengenya. Nikamwamkia. Hakunisifu hata kidogo.

"Wewe mchoraji, hapa alasiri jua linatuchoma usoni. Hukuliona?"

"Sikuliona, mama."

"Basi panda mti, ukue tungali hai."

Lo, nilivyofurahi! Siku ileile nilikwenda Mlandizi nikanunua miche miwili ya mkungu, ule mti wa kivuli.