Foronya Yenye Mabaka

Nasieku hakumwamini mbuzi aliyenona ghafla. Miaka aliyokaa sokoni Bissil ilimfundisha kwamba wapo watu wanaomlambisha mnyama chumvi alfajiri, kisha wakamnywesha maji hadi tumbo litune, ili mnunuzi kutoka Kitengela adhani ameona nyama. Kwa hiyo kabla ya kukubaliana bei alimbonyeza mbuzi mgongoni, akamfungua mdomo, akanusa pumzi zake, halafu akamkazia macho mwenye mbuzi kuliko alivyomtazama mnyama. Wanaume wa soko walimcheka mwanzoni. Waliacha wenyewe walipoona wenye bucha wa Kitengela wanaulizia mbuzi wa Nasieku kwa jina lake.

Macho hayo hakuyaacha sokoni. Nyumbani kwake Kitengela alikuwa akiishi na mumewe Muturi, fundi wa kuchomelea mageti, na mtoto wao Gakuru. Katika chumba cha nyuma alikaa Nyawira, dada yake Muturi, aliyekuja kutoka Nyeri ndoa yake ilipovunjika. Nyawira alijitafutia riziki kwa kufulia watu wa maghorofa. Mchana kutwa alikuwa pale kwenye bomba, mikono imejaa povu, chupa ya dawa ya kutoa madoa kando ya beseni. Hakuwa msemaji. Nasieku hakumzuia kuja, lakini hakumkaribisha pia, na ule ukimya wa wifi yake aliuona kama ukimya wa mtu anayepima nyumba.

Chunusi zilimjia Nasieku ukubwani, wakati Gakuru alikuwa tayari ameanza shule. Hazikuwa vile vipele vya wasichana. Zilikuwa ngumu, zimejaa taya na kidevu, na fundo la kitambaa lilipozigusa aliona nyota. Sokoni kila mtu alikuwa na sababu yake: mafuta ya mbuzi, damu chafu, jicho la mtu. Mzee mmoja wa Oltepesi alimwuliza kwa upole kama ameumwa na nyuki. Siku hiyo hiyo Nasieku alisimamisha pikapu mbele ya duka la dawa la Mbaluka.

Mbaluka alikuwa mfamasia mwenye sauti ndogo, mtu wa kupanga maneno polepole. Alimsogeza kwenye mwanga wa mlango, akamtazama uso, akamwuliza kama ana mimba na kama kuna kitu kingine anachopaka. Kisha akampa tyubu ya jeli na kuanza kumweleza. Nasieku aliitikia kila neno, ila masikio yake yalikuwa nje, kwa mbuzi waliokuwa wakilia juani kwenye pikapu. Alisikia kwamba ni ya kupaka. Mengine yalipita.

Alipaka asubuhi, na alipoona haiumi akapaka tena mchana na jioni, kwa mkono mzito, kama mtu anayempaka ndama dawa ya kupe. Juma likapita uso uko vile vile. Nasieku akaamua kwamba dawa imechanganywa na maji, au Mbaluka amempa ya zamani.

Basi alipofika Namanga kwa shughuli zake alimweleza Soipan, rafiki yake wa utotoni kutoka Entarara, aliyekuwa akiuzia wasafiri shanga karibu na mpaka. Uso wa Soipan uling'aa kama umepigwa rangi. Soipan alicheka, akatoa mkebe mdogo mweupe mkobani na kumwekea mkononi. Mkebe haukuwa na maandishi hata herufi moja. Nasieku, ambaye hakununua mbuzi bila kumfungua mdomo, aliutia mfukoni bila swali, kwa kuwa ulitoka mkononi mwa mtu anayempenda.

Sasa akawa anapaka vyote viwili, kimoja juu ya kingine. Siku chache uso ulilainika, naye akafurahi. Nyawira alimwona pale bombani akinawa, akamwuliza ule mkebe ameutoa wapi, na kama anajua kilichomo. Nasieku alimjibu kwamba uso ni wake, na kwamba wivu humzeesha mtu. Nyawira aliinama akaendelea kufua.

Baada ya hapo ndipo mabaka yalipoanza.

La kwanza lilitokea kwenye foronya ya rangi ya damu ya mzee, baka la rangi ya chungwa iliyofifia, kama mtu amemwagia kitu. Nasieku alidhani ni sabuni. Halafu likaja kwenye kola ya shati la buluu la Muturi ambalo Nasieku alikuwa akijifunga kichwani akienda kulala. Halafu kwenye ile shuka nyekundu aliyopewa na mama yake, pembeni, mahali anapojifunika hadi kidevuni. Alipoiona shuka alikaa kitandani akiishika kwa muda mrefu. Kisha akatoka nje, akaitazama ile chupa ya kutoa madoa iliyosimama karibu na bomba.

Alianza kuchunguza. Aliinua chupa kila jioni kuona kama imepungua, akaona imepungua, ingawa mwenye chupa alikuwa mfuaji na kazi ya chupa ni kupungua. Alianua nguo zake mwenyewe kabla hazijakauka. Muturi alipomwambia huenda ni maji ya kisima yana chumvi nyingi, alimtazama naye kwa jicho la pembeni, akajiuliza ndugu hawa wawili wameanza lini kusema lugha moja.

Wakati huo uso nao uligeuka. Ulianza kuwasha, ukawa mwekundu, ngozi ikabanduka puani na mashavuni kama karatasi. Jua la Bissil, alilokuwa amelizoea tangu utoto, sasa lilimchoma kama pasi. Alinawa kwa sabuni ya kipande na kujisugua kwa taulo gumu ili magamba yatoke, na kadiri alivyosugua ndivyo ilivyomchoma, na kadiri ilivyomchoma ndivyo alivyoongeza dawa. Jioni moja aliinusa tyubu, akaona kama ina harufu ya ile chupa. Wazo likamwingia na halikutoka tena: mtu anayemwagia nguo zako dawa hashindwi kuitia kwenye jeli yako.

Alifanya kama alivyofundishwa na baba yake kutafuta ng'ombe aliyepotea. Alichota vumbi laini la njiani, akalinyunyiza kidogo kwenye kizingiti cha chumba cha kulala, akaenda sokoni. Aliporudi alikuta alama ya kandambili iliyolika kisigino, ya Nyawira. Mkebe mweupe haukuwepo mezani.

Ilikuwa Jumapili, wametoka kanisani, chai ikiwa mezani. Muturi alikuwa akimega mkate.

"Uliingia kwa chumba yangu," Nasieku alimwambia wifi yake.

"Niliingia," Nyawira akajibu.

Muturi aliacha mkate. Nasieku alikuwa amejitayarisha kwa mtu wa kukana.

"Ukafanya nini?"

"Nilichukua ile mkebe nyeupe, nikaimwaga kwa choo. Ile kitu si ya kupaka uso, Mama Gakuru. Nilikuuliza, ukaniambia niko na wivu."

"Na nguo zangu?"

"Nguo sijagusa. Wala ile dawa yako ingine."

Nasieku alikuwa amewasikia wauzaji wengi wa namna hiyo, wanaokubali kwamba mbuzi anakohoa ili usitazame mguu anaochechemea. Aliyekiri moja, kwake, alikuwa amekiri yote. Alimwambia Muturi achague, na Muturi, mtu asiyependa kelele, alibaki akitazama mkate. Nyawira ndiye aliyechagua. Alikunja nguo zake kwa ule utulivu wake, akaibeba na ile chupa, na kabla ya jioni alikuwa amekwenda Kajiado kwa Ruth, rafiki aliyeimba naye kwaya zamani. Gakuru alilia hadi mlangoni. Wiki iliyofuata Muturi akapata kazi ya mageti Isinya, akawa analala huko huko.

Nasieku alinunua foronya mpya, ya kahawia. Aliitandika mwenyewe, akafunga mlango kwa kufuli, akalala akijiambia kwamba sasa ataamka na amani. Asubuhi baka lilikuwa pale, la rangi ya chai iliyozidi maziwa.

Wazo la kwanza, na baadaye aliona aibu kulikumbuka, lilikuwa kwamba Gakuru ndiye aliyefanya. La pili lilikuwa kwamba Nyawira ameacha kitu ndani ya nyumba. Alikagua kufuli. Alikagua dirisha. Kisha, bila kujua anafanya nini hasa, alilala tena alivyokuwa amelala usiku, akaweka shavu kwenye mto na kidole mahali shavu linapokomea, akainuka taratibu. Kidole kilikuwa kwenye ukingo wa baka.

Hata hapo moyo wake haukukubali kuweka silaha chini. Ulihamia tu kwa mtu mwingine. Alifunga tyubu ndani ya leso na kwenda kwa Mbaluka, na mbele ya wateja wawili akamwambia kwamba amemwuzia dawa ya kufulia.

Mbaluka hakukasirika. Alimwomba akae, akawahudumia wale wawili kwanza, halafu akamwuliza amekuwa akiipaka vipi. Nasieku alionyesha kwa vidole viwili alivyokuwa akichota. Mara ngapi kwa siku? Alisema. Ananawa na nini? Alisema. Juani anavaa kofia? Hakuwa na kofia. Kuna kitu kingine alichopaka? Hapo akausema ule mkebe, na jinsi wifi yake alivyoumwaga chooni.

"Hii dawa inatoa rangi ya kitambaa, mama," Mbaluka alisema. "Hata nywele inaweza kutoa rangi. Ndiyo kazi yake ilivyo, haijaharibika. Nilikuambia siku ile, lakini niliona uko na haraka, na ilinipasa nikuambie tena."

Akamweleza upya, na safari hii Nasieku alisikiliza kama anayesikiliza bei. Aache kila kitu kwanza, mpaka uso upoe. Anawe kwa maji na sabuni laini, kwa viganja, bila kusugua, na apake mafuta mepesi yasiyo na manukato. Uso ukitulia kabisa arudie jeli jioni moja na kuruka inayofuata, kiasi cha punje ya mbaazi kwa uso mzima, iwe utando tu, juu ya ngozi iliyokauka, mbali na macho, midomo na mahali palipochubuka. Mchana avae kofia pana na apake mafuta ya kukinga jua. Asichanganye na kitu kingine bila kuuliza. Na asitazamie mabadiliko kesho, kwa maana chunusi huchukua miezi. Uso ukivimba au pumzi zikibana, asije kwake, aende hospitali moja kwa moja.

"Na ile mkebe ilikuwa na nini?" Nasieku aliuliza.

"Sijui, na wewe hukujua. Hapo ndipo shida. Nyingine huwa na dawa kali za kuchubua ngozi, zinalainisha uso mwanzoni, halafu zinauharibu. Aliyekutolea hiyo alikusaidia. Chunusi zikirudi kwa nguvu sababu umeiacha, kuja nikuandikie uende kwa daktari wa ngozi."

Nasieku alitoka hajaamini bado. Nyumbani alikata vipande viwili vya kitambaa cheusi chakavu, kimoja akakipaka jeli, kingine akakiacha kikavu, akaviweka dirishani na kufunga mlango kwa kufuli. Kesho yake kimoja kilikuwa na duara la rangi ya kutu. Alivitazama kwa zamu, na masikio yakamchoma kuliko uso.

Alimpigia simu Muturi na kumweleza bila kuzungusha. Muturi akasema kwamba si yeye anayepaswa kuambiwa.

Ilimchukua Nasieku siku kadhaa kupata ujasiri wa kwenda Kajiado, uso ukiwa bado una magamba, kofia pana kichwani. Alimkuta Nyawira nyuma ya nyumba ya Ruth, akianika. Alikuwa ameandaa maneno tangu Isinya, na yote yakampotea.

"Nilikukosea, wifi," alisema. "Ni dawa iliyokuwa inatoa rangi. Nimejaribu mwenyewe."

Nyawira alibana shati kwenye kamba kabla ya kugeuka. "Ulijaribu kwanza ndiyo ukaja," alisema.

"Ndiyo."

"Ungekuja bila kujaribu ningefurahi zaidi."

Nyawira akafungua kitambaa alichokuwa akijifunga mpaka kwenye nyusi siku zote. Kwenye paji na kando ya macho ngozi ilikuwa nyembamba, yenye mishipa midogo myekundu na madoa meusi yasiyo na mpaka. Alisema kwamba alipaka kitu cha mkebe kama ule miaka mitatu, kwa sababu mwanamume wa Nyeri alitaka mke mweupe, na alipouacha mkebe huo, uso ulilipuka, na mwanamume akaondoka hata hivyo. Hakuwa amemweleza mtu, hata Muturi. Angewezaje kumweleza mtu ambaye kila akimpa chai humtazama kama mwizi?

Walikaa kwenye ngazi ya Ruth, na Nasieku akaomba msamaha tena, safari hii bila habari za dawa. Nyawira alisema amesikia. Kurudi Kitengela alikataa. Alikuwa ameanza kupata wateja pale Kajiado, na alitaka kuona kama anaweza kukaa mahali bila kuwa chini ya mtu. Gakuru aje likizo, alisema, huyo hana kosa.

Ndivyo ilivyokuwa. Muturi alirudi nyumbani kazi ya Isinya ilipokwisha. Gakuru alikwenda Agosti, na Nasieku alipomfuata akakaa chakula cha mchana. Kufikia mwisho wa mwaka chunusi zilikuwa zimepungua zikabaki chache tu kidevuni. Soipan alipewa habari za mkebe, akanuna, kisha akaja mwenyewe kwa Mbaluka kuonyesha uso wake. Nasieku bado aliwafungua mbuzi midomo pale Bissil. Ila kila alipopita Kajiado na pikapu alisimama kwa Nyawira, wakati mwingine akaalikwa ndani, wakati mwingine wakaongea tu mlangoni, na hakuuliza ni kwa nini.