Ndugu wa mume walinificha ugonjwa wangu nisije nikapanda presha

Wakuu habari zenu, wakubwa wote shikamooni. Hii story sikuisikia kwa mtu, ilinipata mwenyewe huku Gendabi, Hanang. Mimi ni darasa la saba, nikikosea kuandika mnisamehe. Majina sikosei. Nayataja.

Nilikuwa na mimba ya nne, umri umeshaenda. Miguu ikavimba mpaka ndala haziingii.

Kliniki nesi akanipima BP, akapima tena. Akanilaza kwa ubavu wa kushoto, akatoka nje kuongea na mume wangu, Boay. Boay aliporudi akasema twende nyumbani, natakiwa kupumzika tu. Kumbe nesi alimtuma akatafute gari.

Nyumbani mama mkwe, Bibi Tekla, akashika uongozi. Akatangaza kwa ukoo mzima kwamba mwenye presha haambiwi jambo. Lolote.

Hata neno habari akalipiga marufuku, maana ukiuliza habari utajibiwa. Kila mgeni anipe shikamoo, mimi niitikie marahaba, aondoke.

Mzee wa kanisa mwenye wajukuu alikuja akaniamkia shikamoo, kofia mkononi. Nikaitikia, nifanyeje. Nadhani presha ilipanda hapo hapo.

Wakuu chekeni, ila mimi kichwa kilikuwa kinapasuka na naona vimulimuli mchana kweupe.

Dume letu la kulimia likafa, wakanificha. Nikawa naletewa nyama asubuhi na jioni. Nikauliza kuna sherehe gani, wifi yangu Paulina akasema, "Kula tu wifi, furahi." Halafu akaniimbia. Paulina hajui kuimba.

Aliyeniokoa ni Gidamis, jirani yetu mfugaji. Alikuwa machungani, ile sheria haikumfikia. Akasimama mlangoni na fimbo yake.

"Mama Paskali, habari ya ugonjwa?"

Nikamwambia mimi siumwi, nimepumzishwa.

"Mbona Boay ameniambia jana kule machungani. Nesi amesema usipofika hospitali ya wilaya utakufa wewe na mtoto. Nashangaa bado uko hapa. Halafu ng'ombe wangu wameingia kwenye mahindi yako, wamemaliza. Naomba tusigombane."

"Mahindi baadaye. Nitafutie gari."

Akasimamisha pikapu iliyotoka mnadani, mbuzi wamejaa nyuma. Nikapanda mbele. Mama mkwe akaja mbio, nikadhani anakuja kuniaga. Alikuwa anambembeleza dereva asiniambie tunaenda wapi.

Hospitali daktari alifoka, akasema kidogo tu ningeshikwa na kifafa cha mimba. Sindano, dripu, operesheni.

Nilipozinduka nikamkuta Boay na mama yake wameshanifuata, nikamuuliza Boay kama mtoto yuko hai. Akamwangalia mama yake. Mama yake akanitabasamia.

Wakuu, pale ndipo nilikufa.

Nesi wa zamu akageuka akasema, "Yuko hai mama. Ni wa kike, kadogo, lakini analia vizuri." Nikalia mpaka mshono ukauma.

Binti sasa anakimbiza kuku. Bibi Tekla mpaka leo anashuhudia kanisani kwamba utulivu wake ndio ulituponya. Boay anaitikia amina.

Nilichojifunza: mjamzito akipimwa, aulize mwenyewe presha ni ngapi na afanye nini, asisubiri kuletewa jibu na ukoo. Presha haishuki kwa sababu mwenye nayo hajui. Kichwa kikigonga na macho yakiona vimulimuli, kimbia hospitali, hata kwa gari la mbuzi.

Waliopitia haya mshushe comment, na mnaoona nawaonea wakwe zangu semeni pia. Msinifiche kitu.