Mkurugenzi na Upana wa Marehemu Mume Wangu

Mtoto wa mdogo wangu ni mtu mzito. Ana chumba kimoja cha biashara, kompyuta inayokoroma kama mashine ya kusaga, na kiti cha kuzunguka. Kwa heshima ya kiti hicho ukoo mzima tulimwita Mkurugenzi, naye akaitika bila kusita. Alianza kwa kupiga picha za vitambulisho, mteja akisimama mbele ya shuka jeupe la mama yake. Baadaye akanunua kamera ya video, ile ya kanda ndogo inayochukua picha pana, akawa anaingia harusini na koti la kumshinda bwana harusi.

Kanda hizo huzihamishia kwenye diski, na humo ndimo alimopatia sifa. Kila aliyepita kwenye kompyuta yake alitoka mrefu na mwembamba. Maharusi walimshukuru. Mama yake mzazi, ambaye kiuno chake nakijua tangu tukiwa wadogo, aliitazama diski yake mara sita kwa siku moja. Sasa nani alalamike?

Nililalamika mimi. Marehemu mume wangu hakupenda kupigwa picha. Video yake ni moja tu duniani, dakika kumi na moja za harusi ya binti yetu wa mwisho, bado ziko kwenye kanda, hazijahamishiwa kwenye diski. Wajukuu wanne wamezaliwa baada ya msiba. Mimi namkumbuka mpaka kifungo kilichokosekana kwenye shati lake la kijani, lakini sitaishi milele, na nikishaondoka wao wataiamini diski. Tena nikasikia Mkurugenzi anaiuza kamera mwisho wa mwezi, nayo ndiyo pekee iliyobaki ya kuichezesha kanda ile. Nikampelekea mbio.

Jumatano akaniita. Kwenye runinga yake ya zamani, ile ya mraba, akatokea mzee mwembamba, mashavu yamebonyea, shingo kama ya mtu anayechungulia ukuta wa jirani.

"Huyu nani?" nikauliza.

"Baba Mkubwa huyo, Mama Mkubwa."

"Umekaa kwangu miaka minne, umekula naye meza moja. Alikuwa hivi?"

"Kamera haidanganyi. Labda alishaanza kuumwa."

"Na sahani nazo zilikuwa zinaumwa?"

Sahani zote mezani zilikuwa na umbo la yai. Magurudumu ya gari la maharusi, mayai vilevile. Mimi niliishia shule ya msingi, lakini duara nililichora kwa mkono wangu mwenyewe ubaoni, wala halikuwa hivyo.

Mkurugenzi akazunguka mara moja na kiti chake, kisha akafungua programu. Kumbe kamera ile huibana picha pana ili ienee kwenye kanda, na kompyuta lazima iambiwe kuikunjua. Pana mahali pa kuchagua: nne kwa tatu, au kumi na sita kwa tisa. Miaka yote hiyo bwana mkubwa alikuwa akichagua nne kwa tatu, kwa sababu ndiyo iliyotangulia kwenye orodha. Ukurugenzi una mambo mengi.

Akachagua kumi na sita kwa tisa, halafu, kwa kujiongeza, akaiamuru picha ijaze skrini yote. Mume wangu akanenepa vizuri, ila pembeni pakakatwa, na aliyeketi pembeni ni mimi. Ukabaki mkono wangu ukimmiminia maji.

"Upana umerudi," akasema.

"Mke ameondoka."

Mara ya tatu picha ikatoka nzima, na utepe mweusi juu na chini.

"Huo weusi wateja hawaupendi, Mama Mkubwa. Wanasema wamenunua runinga nzima wakaonyeshwa nusu."

"Mimi sikuja kutazama weusi."

Sahani zilikuwa duara. Mume wangu alikuwa amekijaza kiti, tumbo limegusa meza, ananigeukia kuniambia neno, nami nacheka mpaka kitambaa kinanidondoka kichwani. Mkurugenzi aliacha kubonyeza vitu. Akasogea karibu na runinga.

"Ndiye," akasema polepole. "Nilikuwa nimeshamsahau, Mama Mkubwa."



"Toa diski nne," nikamwambia. "Kila mjukuu na yake."

Akasema itachukua muda, nirudi kesho. Nikavua viatu, nikakaa kusubiri.