Rangi ya Anayehama

Nilikuwa kwenye foleni katika duka la rangi mjini Ruiru pale mama mmoja alipofungua leso akaweka kwenye kaunta kipande cha rangi kilichobanduka ukutani kwake. Kilikuwa kinene kama ukoko wa ugali.

"Nipatie ya kufanana na hii. Jumamosi nahamia Thika, na mwenye nyumba hataki kuona ukuta ukibanduka."

Mnaijua sheria ya nyumba zetu za kupanga: ukitoka, upake. Na anayetoka hupaka mbio mbio, juu ya vumbi na moshi wa stovu.

Muuzaji alikivunja kile kipande, akamwonyesha ukingo. Krimu, chini yake pinki, chini zaidi kijani. "Mama, hawa wote walikuwa wapangaji. Hakuna aliyekwangua. Ukipaka juu tena, mvua ikianza itatoka."

"Lakini mpaka Jumamosi itashika?"

"Hiyo itashika."

"Basi, hiyo inatosha."

Muuzaji akageuka kuchukua mkebe. Mama akabaki akiisugua ile pinki kwa kidole gumba.

"Hii niliikuta," akasema polepole. "Ilianza kubanduka kabla hata sijatundika pazia. Nikaifunika na krimu." Akakirudisha kipande kwenye leso. "Niongezee msasa. Na skrepa ya kukwangua."

"Kwani hauhami tena?"

"Nahama. Lakini hata ile nyumba ya Thika, kuna mtu anaihama."

Mimi huyo wa Thika simjui. Lakini siku nzima nilijipata nikimsihi moyoni: tafadhali, kwangua kwanza.