Mwigizaji wa Oud Metha

Sauti ya kwanza niliyoisikia katika nyumba ile ilikuwa ya mzee akimgombeza mtu ambaye hakuwepo. Ilitoka nyuma ya mlango wa sebule, nzito, ikipanda na kushuka, kisha ikakatika ghafla, ukabaki mvumo wa kiyoyozi peke yake. Nilimshika mama mkono. "Usiogope," akaninong'oneza, "Sir anafanya mazoezi." Nilikuwa na miaka kumi. Shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya joto la Julai, wenzangu walikuwa wamesafiri makwao, na baba alikuwa akishinda ghalani kule Dubai Investments Park. Mama alikuwa akimtunza mzee mmoja Mskoti katika fleti mtaa wa Oud Metha, basi akaomba ruhusa ya kwenda nami kila asubuhi mpaka shule zifunguliwe.

Mzee huyo aliitwa Hamish. Alitaka nimwite kwa jina tu, mama akakataa katakata, tukaishia kwenye "Mzee Hamish," neno ambalo alilipenda na kulitamka kana kwamba ni cheo. Nje palikuwa hapatembeleki. Lami ilinuka na hata paka walijibanza chini ya magari. Kwa hiyo tulishinda ndani, mimi kwenye zulia na yeye kitini, naye akanisimulia maisha yake kidogo kidogo. Baba yake alikuwa fundi wa kuunga vyuma vya meli huko Glasgow, na hakuwahi hata siku moja kwenda kumtazama mwanawe akiigiza. Hamish mwenyewe aliingia jumba la maigizo akiwa seremala wa kutengeneza mandhari ya jukwaani. Siku mwigizaji mmoja alipougua, alisukumwa mbele ya watu akiwa bado na vumbi la mbao nyweleni. Hakurudi tena kwenye useremala. Alizunguka miji midogo kwa basi miaka mingi, akiigiza kwenye kumbi za makanisa, kisha runinga ikamchukua: mara polisi, mara padri, mara maiti. Mwishowe akapewa nafasi ya daktari wa kijiji katika tamthilia iliyopendwa sana, hata watu wakawa wanamsimamisha njiani kumwonyesha vidonda vyao. Hilo alilisimulia kwa kicheko. Lakini alinisimulia pia kwamba mwanawe Colin, alipokuwa na miaka mitatu, alikuwa akibisha kwenye kioo cha runinga akimwita baba yake atoke. Hapo hakucheka.

Colin ndiye aliyemleta Dubai baada ya mke wa mzee kufariki. Alikuwa mhandisi, na kazi zake zilimweka mbali na nyumba ile wiki nzima, wakati mwingine mbili. Agosti, mzee alipotimiza miaka themanini, Colin aliahidi kuja kula naye chakula cha mchana. Mama alipika tangu alfajiri. Mzee alivaa suti na tai, akatueleza kwamba baada ya chakula angemwigizia mwanawe kipande alichokuwa akikifanyia mazoezi mwezi mzima: baba anayemgombeza kijana wake anayeondoka, kisha anamwomba msamaha. Saa saba simu ikalia. Mzee alisikiliza, akasema, "Hapana, hapana, kazi ni kazi," akaweka simu chini na kutazama sahani. "Yuko Abu Dhabi. Anasema Ijumaa, inshallah."

Nilidhani angeenda kulala. Badala yake alimwomba mama aketi kwenye sofa. Mama hakuwahi kuketi kwenye viti vya nyumba ile. Alikalia ukingo, mikono magotini, nami nikakaa kando yake. Mzee akasimama mbele ya dirisha na kuanza. Mgongo ulinyooka, sauti ikajaa chumba. Alipofika mahali pa kuomba msamaha, akanyamaza. Midomo ilicheza bila kutoa neno, macho yakahama kutoka ukutani hadi kwangu, nami nikaona hofu ndani yake. Maneno yalikuwa yamempotea. Mama hakujua. Alikuwa tayari analia, waziwazi, kwa sababu mdogo wangu wa kiume tulikuwa tumemwacha nyumbani Kitale kwa nyanya akiwa na miaka mitatu. Mzee akamwona, akavuta pumzi, akainama taratibu kama mtu aliyemaliza. Mama akapiga makofi huku akifuta uso kwa kanga. Baadaye, mama alipokwenda kuosha vyombo, mzee aliniambia, "Uliona. Usimwambie." Sikumwambia. Septemba Colin alimrudisha Uskoti kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na majira ya baridi yaliyofuata tukasikia amefariki.

Sasa nina miaka thelathini na minne, na ninafanya kazi katika ofisi ya mizigo pale Airport Freezone, hapa hapa Dubai. Mama amerudi Kitale, na anamlea binti yangu, mwenye miaka kumi. Tunaonana kwa simu kila jioni. Ananionyesha daftari zake, kisha anasema, "Haya, Mami, kesho," na kioo kinakuwa cheusi. Kiangazi kile nilijiona mtoto mpweke kuliko wote duniani. Leo najua kwamba kila nilipoita, mama alikuwa jikoni, hatua saba kutoka zuliani, na aliitika.